Fundi Anajibu: Tairodi iliyopinda bila kuguswa na jiwe

SWALI

Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva wa watalii, makazi yangu ni Karatu, na gari ninaloendesha ni Land Cruiser ya toleo la 70 iliyorefushwa chasisi, yenye ekseli nzima mbele, springi za koili na tairi za 7.50R16. Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka Engaruka kwenda Engare Sero, na katika korongo moja mafuriko yalikuwa yamekula kingo hata pua ya gari ikazama. Niliweka foo wili, nikafunga difu zote mbili, nikarudi nyuma kwa nguvu huku usukani nimeukata kulia. Gari lilitoka, lakini tangu hapo likawa linatangatanga barabarani na usukani haurudi wenyewe. Niliposhuka nikaona tairi za mbele zimefunguka kama miguu ya bata. Nilipoingia uvunguni nikakuta tairodi, ile fimbo ndefu iliyo nyuma ya ekseli inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, imepinda katikati kwa upana wa vidole viwili. Kinachonishangaza ni kwamba rangi yake haina hata mkwaruzo. Hakuna jiwe lililoigusa. Tuliinyoosha hapo hapo, nikarudi nayo nyumbani polepole. Sasa fundi mmoja anataka kuichomelea chuma cha pembe kwa urefu wote, na mwingine anasema nimpelekee hafu shafti ya zamani, yaani fimbo ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu, aikereze hadi milimita 25, kwa kuwa chuma chake ni kigumu. Tajiri ameniachia niamue mwenyewe. Nishauri.

JIBU

Marahaba. Huo mkwaruzo ulioutafuta ukaukosa ndio unaoeleza kila kitu, na ninakushukuru kwa kuutazama, kwa sababu madereva wengi huandika "imegongwa na jiwe" kabla hata hawajaingia uvunguni.

Chukua njiti moja ya ufagio wa chelewa, isimamishe sakafuni, kisha ibonyeze kwa kidole kutoka juu. Haikatiki wala haifupiki, inabinuka katikati. Ikate nusu, ubonyeze tena, na utaona inahitaji nguvu kubwa zaidi, kwa hesabu mara nne, kabla ya kubinuka. Tairodi yako imefanya vivyo hivyo: imebanwa kutoka ncha zote mbili mpaka ikatoka kwenye mstari. Gurudumu la mbele halizunguki kushoto na kulia juu ya katikati ya tairi, bali juu ya egemeo lililo ndani kidogo, upande wa gari. Kwa hiyo tairi inapovutwa kuelekea nyuma, ama kwa sababu imezama mchangani, ama imegota kwenye jiwe wakati unakwenda mbele, ama injini yenyewe inaizungusha kinyumenyume, sehemu ya mbele ya gurudumu hutaka kufunguka kwa nje na sehemu ya nyuma hutaka kufunga kwa ndani. Fimbo iliyowekwa nyuma ya ekseli ndiyo inayozuia kufunga huko, na namna pekee ya kuzuia ni kukubali kubanwa. Gia ya rivasi, difu zimefungwa, usukani umekatwa, gurudumu limebanwa na ukingo wa korongo: umeibana fimbo hiyo kwa kila njia iliyopo. Ungekuwa unatoka kwa kwenda mbele, mvuto wa injini ungekuwa unaivuta badala ya kuibana, na chuma kinachovutwa hakibinuki.

Ile miguu ya bata nayo ina hesabu yake. Fimbo yenye urefu wa mita 1.2 ikibinuka katikati kwa milimita 40 hupungua urefu kwa karibu milimita 3, jambo ambalo mtu angelipuuza. Lakini mkono wa nako, yaani ule unaotoka kwenye kipande kinachogeuka pamoja na gurudumu, ni mfupi, tuseme milimita 150, ilhali tairi yako ina kipenyo cha karibu milimita 800. Upungufu wa milimita 3 kwenye mkono huonekana kama tofauti ya milimita 16 hivi kati ya mbele na nyuma ya tairi, na gari lenye tofauti hiyo hula tairi kwa upande wa ndani kama msumeno.

Sasa tuwaendee mafundi wako wawili.

Wa pili, mwenye hafu shafti, amechanganya mambo mawili ambayo hata baadhi ya waliosoma huyachanganya: ugumu, na ukakamavu, yaani jinsi chuma kinavyokataa kujikunja. Chuma kigumu kina faida pale jiwe linapoipiga fimbo ubavuni, kwa sababu hujikunja kisha kikarudi kilipokuwa, ilhali chuma laini kikishajikunja hubaki hivyo. Lakini katika kubinuka kwa kubanwa, hafu shafti ya bei ghali na nondo ya dukani, zikiwa na kipenyo kimoja na urefu mmoja, huanza kubinuka kwa mzigo ule ule, maana ukakamavu wa vyuma vyote vya aina hii ni karibu sawa, takriban gigapaskali 200. Kinachobadilisha mambo ni umbo, na umbo hulipa vizuri sana. Chuma kizima cha milimita 25 kina uzito wa karibu kilo 3.9 kwa mita. Bomba la kipenyo cha nje milimita 40 lenye unene wa milimita 6 lina kilo 5 kwa mita. Kwa nyongeza hiyo ndogo ya uzito, bomba hilo linastahimili kubanwa mara tano zaidi kabla ya kubinuka, na likipigwa na jiwe ubavuni linastahimili zaidi ya mara tatu, ikiwa chuma chenyewe ni cha daraja moja. Kwa fimbo ya mita 1.2 iliyonyooka kabisa, hesabu ya kitabu inatoa mzigo wa tani 2.7 kwa chuma cha milimita 25 na zaidi ya tani 13 kwa bomba. Barabarani namba zote mbili zitakuwa ndogo kuliko hizo, kwa kuwa hakuna fimbo iliyonyooka kabisa, lakini uwiano wake ndio wa kuzingatia.

Hapo pia ndipo ilipo hatari ya ile uliyoinyoosha. Fimbo iliyokwisha kubinuka mara moja, hata ukiinyoosha kwa panda la mti na jeki mpaka jicho likaridhika, hubaki na ukombo mdogo, na kila ikibanwa tena ukombo huo ndio unaoanza. Ilikufikisha nyumbani, nayo imemaliza kazi yake.

Fundi wa kwanza, mwenye chuma cha pembe, simlaumu sana, kwa sababu porini hata mimi ningefanya alivyotaka kufanya. Nilipokuwa kijana wa gereji tulitengeneza tairodi ya lori dogo kwa namna hiyo, tukaipaka rangi, tukaisifu. Ilirudi baada ya miezi michache ikiwa imekatika, na haikukatika pale ilipokuwa imepinda bali pale chuma cha pembe kilipoishia, mwishoni kabisa mwa mchomeleo, ambapo fimbo nene iligeuka ghafla kuwa fimbo nyembamba na joto lilikuwa limeizunguka pande zote. Bahati ilikuwa kwamba dereva alikuwa anageuza gari uani. Tairodi iliyopinda bado inakuwezesha kuelekeza gari. Tairodi iliyokatika inayaacha magurudumu mawili kila moja na njia yake. Kama itabidi uchomelee porini, chomelea kwa mstari unaokwenda na urefu wa fimbo, kwa vipande vifupi vifupi, wala usiizungushie mchomeleo kama pete, na uhesabu kilomita za kufika kwenye gereji tu.

Ninachokushauri ni tairodi mpya ya bomba nene. Unaweza kuipata kwa njia mbili, na ninaipendelea moja waziwazi.

Njia ya kwanza ni bomba la milimita 40 kwa 6, kisha vipande viwili vya chuma laini vinakerezwa viingie kwa kukaza katika ncha zake, vinatobolewa na kukatwa hesi, ambazo gereji nyingi huziita thredi, halafu vinachomelewa. Mchomeleaji mzuri ataweka ukingo wa mteremko kwenye mdomo wa bomba ili mchomeleo uzame, na atatoboa pia matundu mawili au matatu ubavuni mwa bomba, nyuma kidogo ya mdomo, ayajaze kwa mchomeleo mpaka yashikane na kipande cha ndani. Kwa njia hiyo mchomeleo wa mdomoni hauachwi peke yake. Kazi hii ni nzuri, lakini inategemea mkono wa mtu, na mkono huo wewe huuoni ukishapakwa rangi.

Njia ya pili ni bomba nene zaidi, lenye tundu dogo kiasi kwamba hesi zinakatwa moja kwa moja ndani ya ukuta wake. Kwa tairodi endi, yaani kiungo cha kwenye ncha ya fimbo, ya milimita 22 yenye hatua (umbali kutoka hesi moja hadi nyingine) ya milimita 1.5, tundu la milimita 20.5 linatosha, na kwa kipenyo cha nje cha milimita 40 unapata fimbo ya karibu kilo 8.7 kwa urefu wa mita 1.2, badala ya kilo 6 za njia ya kwanza. Ni nzito, kweli, na utaihisi unapoifunga ukiwa umelala chali. Lakini haina mchomeleo hata mmoja. Katika sehemu ya gari ambayo ikishindwa hakuna breki ya kuiokoa, kilo mbili na nusu za ziada nazilipa bila kusita. Kipimo cha hesi cha gari lako usikichukue kwangu. Pima endi zako kwa kipimo cha hesi kabla hujaenda kwa mkerezaji, kwa kuwa zipo endi zinazofanana kwa macho na zinatofautiana kwa milimita moja.

Bomba lenyewe liwe lile lisilo na mshono, au lile la mshono uliovutwa upya kiwandani. Bomba la maji lenye zinki usilitumie hata kama ukuta wake unaonekana mnene: mshono wake haukukusudiwa kazi hii, na moshi wa zinki inayochomelewa humtia mchomeleaji homa usiku huo huo.

Ncha moja ikatwe hesi za kulia na nyingine hesi za kushoto, kama ilivyo ya kiwandani. Si urembo. Ndizo zinazokuwezesha kurefusha na kufupisha fimbo kwa kuizungusha tu, bila kung'oa endi kwenye gari. Endi iingie ndani ya fimbo angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani milimita 33 kwa endi ya milimita 22, na ninapenda kupaka mstari wa rangi nyeupe kwenye endi kwa urefu huo kabla ya kufunga. Mstari ukionekana nje, fimbo ni fupi mno na inabidi itengenezwe nyingine. Kila upande uwe na loknati yake, yaani nati ya kuzuia fimbo isijizungushe.

Kuondoa endi za zamani kumeharibu mikono mingi ya nako kuliko mawe ya njia ya Ziwa Natron. Toa kotapini, legeza nati lakini iache ikishika hesi chache, kisha weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono na upige upande wa pili kwa nyundo nyingine, pigo moja kavu, si mapigo kumi ya woga. Jicho hujitanua kwa nukta ya sekunde na koni ya endi huruka yenyewe hadi kwenye nati. Ukipiga ncha ya hesi unaifanya uyoga, na ukipasha moto mkono wa nako unaua ugumu ambao kiwanda kiliuweka ndani yake.

Fimbo ikishafungwa, usikimbilie barabarani. Bomba la milimita 40 linachukua nafasi ambayo fimbo ya zamani haikuchukua. Inua upande mmoja wa ekseli mpaka springi ibanwe kabisa, zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, kisha fanya hivyo upande wa pili. Bandika vidonge vya udongo wa mfinyanzi kwenye mfuniko wa difu na kwenye mikono ya ekseli. Kidonge kilichobonyea hadi kuwa chembamba kuliko kidole kinakuambia wapi pataanza kugongana. Baada ya hapo pima mpangilio wa magurudumu. Kama hakuna mashine ya alaimenti karibu, chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi ya mbele, pima umbali kati ya mistari kwa mbele kwenye kimo cha ekseli, sukuma gari mpaka mistari iende nyuma, upime tena. Mbele panatakiwa pawe sawa na nyuma au pungufu kwa milimita chache, na kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Limebaki jambo moja ambalo mafundi wako hawakulisema, nami naliona ndilo kubwa. Nguvu iliyoipinda tairodi yako haijaondoka duniani. Ukiweka fimbo isiyopinda, siku nyingine katika korongo lile lile nguvu hiyo itatafuta pa kutokea, nayo itakuta tairodi endi, kisha bolti za mikono kwenye nako, kisha boksi ya usukani na mahali ilipofungwa kwenye chasisi. Katika Land Cruiser za ekseli nzima, bolti zinazoshika mikono hiyo zina tabia ya kulegea, na ikilegea moja, zilizobaki hukatwa kwa zamu. Kwa hiyo siku ya kufunga fimbo mpya, kaza bolti hizo kwa spana ya kipimo, zitie alama ya rangi, na uzitazame kila baada ya safari ngumu. Safisha pia tope kwenye chasisi, pande zote za boksi ya usukani, utazame kama kuna ufa mwembamba wenye kutu. Tairodi ya kiwandani ilikuwa fyuzi. Umeiondoa fyuzi, basi ni juu yako kukumbuka kuachia mafuta mapema.

SWALI

Mimi ni msomaji wa Nanyuki. Niliinua gari langu, ambalo pia lina springi za koili na ekseli nzima, kwa inchi 4. Tangu hapo nikipita kwenye tuta usukani hujigeuza wenyewe mkononi. Fundi anataka kuupasha moto mkono wa pitimani, ule unaotoka kwenye boksi ya usukani, na kuukunja ushuke chini. Je, ni sawa?

JIBU

Usimruhusu. Ugonjwa ameutambua, dawa ndiyo mbaya. Dragi linki, yaani fimbo itokayo kwenye boksi ya usukani, na ile fimbo ya kukingama inayozuia ekseli isiende kando, zilitengenezwa zikiwa na mteremko unaofanana na urefu unaokaribiana, ili ekseli inapopanda na kushuka zote mbili zichore tao moja. Ulipoinua gari, miteremko iliongezeka, na kama uliirekebisha moja tu kwa kuhamisha kishikizo chake, fimbo hizo sasa zinachora matao mawili tofauti. Tofauti hiyo ndiyo unayoihisi mkononi. Simama mbele ya gari likiwa sakafuni tambarare, utazame fimbo hizo mbili kwa jicho moja. Zikiwa hazilingani, rekebisha ile uliyoibadilisha, au ununue mkono wa pitimani uliotengenezwa ukishuka chini tangu kiwandani. Mkono uliokunjwa kwa moto gereji hauonyeshi ufa wake mpaka siku ya kukatika. Na ukishusha dragi linki, hakikisha fimbo ya kukingama nayo imeshushwa kwa kiasi hicho hicho, la sivyo utarudi ulipoanzia.

SWALI

Je, naweza kuondoa tairodi endi za mpira na kuweka zile jointi za duara za chuma kama za magari ya mashindano?

JIBU

Inategemea gari linarudi nyumbani kwa namna gani. Katika mashindano ya Rhino Charge ya Kenya, ambako magari hupewa saa 10 kupita vituo 13 na anayeshinda ni aliyetumia umbali mfupi zaidi, gari hukata moja kwa moja juu ya mawe na makorongo, kisha hupanda trela, na jointi hufunguliwa na kukaguliwa kabla ya mwaka unaofuata. Jointi za duara zinafaa hapo: zina nguvu, zinajipinda sana, na bolti yake ikishikwa pande mbili ni imara. Lakini hazina mfuko wa mpira wala grisi ya ndani. Katika vumbi la majivu ya volkano, au lile jekundu la Tsavo, hujisaga zenyewe, na baada ya muda utasikia usukani ukigonga kama kikombe kwenye sahani. Kwa gari la kazi, chukua endi nzuri zenye mpira na chuchu ya grisi, na kila unapopiga grisi, minya mfuko wa mpira kwa vidole. Ikitoka grisi iliyochanganyika na mchanga, badilisha endi hiyo kabla ya safari.